Barua ya wazi kwa wasimamizi wa tiba asili: pimeni dawa ile ile anayokunywa mgonjwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Msajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na wakuu wa taasisi, maabara na vyuo vinavyopima dawa za mimea hapa Tanzania.

Waheshimiwa,

Tunaowaandikia ni wafamasia, wakemia, wanabotania na mafundi wa maabara. Kazi yetu ya kila siku ni magome, mizizi na majani yanayoletwa kupimwa. Ombi letu ni moja: dawa ya asili ipimwe kama inavyotoka kwenye sufuria ya mganga na kuingia kwenye kikombe cha mgonjwa, kwa kiasi kile kile na kwa muda ule ule anaoinywa. Kwa sasa mara nyingi kinachopimwa ni kitu kingine chenye jina la dawa hiyo, halafu majibu yake yanabandikwa kwenye chupa.

Msingi wa kufanya vizuri zaidi upo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya mwaka 2002. Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili ilianza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ina watafiti wa tiba asili, Mkemia Mkuu wa Serikali ana mitambo, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ina utaratibu wa majaribio ya dawa kwa binadamu. Kinachokosekana ni mfuatano: nani aanze, apime nini, na karatasi ya mwisho iseme nini.

Karatasi hiyo ndiyo inayomfikia mwananchi, kwa hiyo tuanze nayo. Sampuli inaletwa. Inapimwa risasi, kadimiamu na vijidudu. Pengine panya wanapewa dozi moja kubwa na kuangaliwa kwa siku 14. Wasipokufa, maabara inaandika kwamba hakuna sumu iliyoonekana kwa kiwango hicho. Ni maneno ya kweli, tena ya uangalifu. Muda si mrefu nakala yake imewekewa plastiki na kutundikwa stendi juu ya chupa iliyoandikwa "kisukari, presha, tezi dume, vidonda vya tumbo", na mteja anaambiwa hii imepimwa na serikali. Hakuna mtu yeyote aliyepima kama inashusha sukari. Muuzaji hakughushi chochote na maabara haikudanganya, lakini mgonjwa anaacha metformini, dawa yake ya kisukari ya hospitali, nyumbani.

Sasa twende porini, kwa sababu makosa mengi huanzia huko kabla ya maabara kuguswa. Jina la mmea kwa lugha ya nyumbani halitoshi kuutambulisha. Mwarobaini (Azadirachta indica) kila mtu anaujua. Mmelia (Melia azedarach), ambao kuna wanaouita mwarobaini nusu, ni wa ukoo huohuo na matunda yake ni sumu. Tofauti iko kwenye jani: la mwarobaini lina vijani vilivyopangwa moja kwa moja pande mbili za ubavu mmoja, la mmelia ubavu huo hugawanyika kwanza kuwa matawi madogo ndipo vijani vifuate. Jani likiwa zima, mtoto wa shule ukimwonyesha mara moja hakosei tena. Likishasagwa kuwa unga wa kijani, hata sisi hatuwezi kwa macho.

Mfano mzito zaidi ni mugariga, ule wa kikombe cha Loliondo, dawa ya kuchemsha iliyovuta maelfu ya watu mwaka 2011, yaani Carissa spinarum, ambao kwa Kiswahili huitwa pia mtandamboo. Una ndugu yake, msunguti (Acokanthera), ambao mbao na mizizi yake huchemshwa kutengeneza sumu ya mishale. Ndani yake mna ouabaini, ambayo huvuruga mapigo ya moyo mpaka moyo usimame. Miti hii yote miwili ina majani magumu yanayong'aa, yaliyopangwa mawili mawili, maua madogo yenye harufu nzuri, utomvu mweupe, na matunda yanayoiva kuelekea rangi ya zambarau nyeusi. Ikiwa imesimama unaitofautisha kwa miiba: mtandamboo unayo, msunguti hauna. Mzizi uliochimbwa, ukakatwakatwa na kuanikwa, hauna mwiba wala ua. Anayeuletea maabara ndani ya kiroba anatuomba tumwamini tu.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza la kiutendaji: maabara yoyote ya umma isipokee sampuli isiyo na kielelezo cha mmea. Kielelezo hakina gharama. Ni tawi la urefu wa sentimita 30 hadi 40 lenye majani na ua au tunda, limebanwa kati ya magazeti yanayobadilishwa kila siku mpaka likauke. Linaambatana na lebo yenye mahali halisi, mwinuko, tarehe, jina la kienyeji na lugha yake, rangi ya ua kabla halijakauka, sehemu inayotumika, na aliyelichuma. Kama dawa ni mzizi au gome, kipande chake kizima kifungwe pamoja. Nakala moja iende kwenye hifadhi ya taifa ya mimea Arusha, iliyokuwa chini ya TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na namba itakayotolewa huko iandikwe kwenye kila karatasi inayofuata. Anayeleta unga alete pia vipande visivyosagwa vya mzigo huohuo. Unga utalinganishwa navyo kwa hadubini na kwa kromatografia ya bamba la silika, inayotenganisha viambata vya dawa juu ya bamba, kipimo cha bei nafuu kuliko vyote tunavyofanya, na ambacho kingeweza kufanyika hata kwenye maabara ya mkoa.

Anayeona huu ni urasimu aangalie Ubelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki ya kupunguza unene mjini Brussels ilitumia mimea ya Kichina. Mmea uliokusudiwa ulikuwa Stephania tetrandra. Kilichoingia kwenye vidonge ni Aristolochia fangchi, ambao jina lake la Kichina linakaribiana na la kwanza. Zaidi ya watu 100 waliharibikiwa figo, na baadaye baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Hiyo ni nchi yenye maabara kila kona.

Tukishajua mmea ni upi, linakuja suala ambalo kwa maoni yetu ndilo linaloharibu utafiti mwingi kuliko jingine lolote: matayarisho. Tu Youyou, aliyepata Nobel mwaka 2015 kwa artemisinini, alikuwa na timu iliyopima mamia ya michujo ya mimea, na ule wa Artemisia ulikuwa leo unafanya kazi, kesho haufanyi. Jibu lilipatikana kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya nne, aliyeelekeza kwamba majani yalowekwe kwenye maji, yakamuliwe, maji yake yanywewe. Hakusema yachemshwe. Tu Youyou akabadili, akatumia etha inayochemka kwenye nyuzi 35 hivi, na mchujo huo ukaua vimelea vya malaria kwa panya na nyani. Joto ndilo lililokuwa linaharibu dawa. Maelezo ya matayarisho yalibeba habari ambayo jina la mmea peke yake halikuwa nayo.

Sisi tunafanya nini? Gome linasagwa, linalowekwa kwenye methanoli saa 72, linachujwa, methanoli inavukizwa, na utomvu mzito unaobaki wanapewa panya. Hakuna mgonjwa anayekunywa methanoli. Methanoli inatoa kwenye gome vitu ambavyo maji huviacha, na inaacha vingine ambavyo maji huvitoa. Mchujo wake unaweza kuwa na sumu ambayo haimo kwenye kikombe, tukamnyima mwananchi dawa nzuri. Au unaweza kukosa sumu iliyomo kwenye kikombe, tukaandika kuwa ni salama. Wanafunzi hupenda methanoli kwa sababu haiingii ukungu, inakauka haraka, na makala zilizotangulia ziliitumia. Sababu zote tatu ni za starehe ya maabara.

Tuonyeshe kwa hesabu jinsi inavyopaswa kuwa. Mganga anasema: gome kiganja kimoja, maji lita moja, chemsha mpaka ibaki nusu, glasi asubuhi na glasi jioni, siku 21. Kwanza kiganja hicho kiwekwe kwenye mizani mara kumi, kwa mkono wa mganga mwenyewe, kwa sababu cha mwanafunzi wa kike wa miaka 23 si sawa na chake. Tuseme wastani ni gramu 30. Dawa ichemshwe kwenye sufuria ya aina anayotumia, kwa moto wa namna hiyo, na muda uandikwe kwa saa ya ukutani. Kinachobaki, mililita 500, kichujwe kwa kitambaa kama anavyofanya. Mililita 100 zikaushwe kabisa na mabaki yapimwe. Tuseme ni gramu 1.2. Glasi mbili za mililita 200 ni mililita 400, kwa hiyo mgonjwa anakula gramu 4.8 za mabaki makavu kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni miligramu 80 kwa kila kilo ya mwili. Kupata dozi inayolingana kwa panya mkubwa wa maabara tunazidisha kwa 6.2, na kwa panya mdogo kwa 12.3, inakuja kama miligramu 500 kwa kila kilo ya mwili kwa panya mkubwa na kama 1,000 kwa mdogo. Hapo ndipo pa kuanzia, kisha mara tano yake na mara kumi yake ili kujua nafasi ya usalama ilivyo. Ripoti nyingi zinazopita mezani kwetu zina 200, 400 na 800 kwa sababu ndizo namba zilizokuwa kwenye ripoti ya mwaka uliopita.

Yapo mengine ya jikoni ambayo fomu zetu hazina nafasi ya kuyaandika. Je, gome lilelile huchemshwa tena kesho na keshokutwa? Kama ndiyo, dozi ya siku ya tatu haifanani na ya kwanza. Dawa hukaa kwenye chupa siku ngapi? Ya maji isiyo na kihifadhi huanza kuchacha ndani ya siku moja au mbili kwenye joto la Dar es Salaam. Huchanganywa na maziwa, asali, supu ya kongoro? Mafuta ya supu hubeba vitu visivyoyeyuka kwenye maji, na Wamasai wanaochemsha magome na mizizi pamoja na nyama wanapata dawa tofauti na atakayechemsha gome hilo kwa maji matupu. Na kama dawa ni mchanganyiko wa mimea mitano, upimwe mchanganyiko kwanza, kisha uondolewe mmoja mmoja kuona upi ukikosekana nguvu inapungua. Kupima mitano mmoja mmoja na kutangaza kuwa hakuna unaofanya kazi ni kupoteza fedha za umma.

Kuhusu vipimo vya maabara vyenyewe tutasema machache, ingawa hapa ndipo wenzetu watakapotununia. Ile njia ya kutoboa mashimo kwenye agari, jeli ya kuoteshea bakteria, kutia mchujo na kupima duara lisiloota bakteria haitoi nguvu ya dawa. Duara linategemea jinsi kitu kinavyosambaa kwenye agari yenye maji. Chenye asili ya mafuta kinabaki shimoni hata kama ni kikali. Itumike njia ya kuzimua kwenye visima 96, na itafutwe kiwango kidogo kabisa kinachozuia bakteria kuota. Iwepo na dawa inayojulikana kama mlinganisho, na kiyeyusho peke yake kama mlinganisho wa pili, maana DMSO, kiyeyusho kinachotumika, ikizidi huua bakteria bila msaada wa mmea wowote. Isizidi asilimia 1. Mchujo unaofanya kazi kwenye mikrogramu 100 kwa mililita au chini yake unastahili kuendelezwa. Unaohitaji miligramu 1 kwa mililita, fikirini tu: mtu mzima ana damu lita 5 hivi, kwa hiyo angehitaji gramu 5 za mchujo ndani ya damu kwa wakati mmoja, bila ini kuugusa. Hata hivyo makala zinaandikwa kuwa mmea huo una nguvu kubwa dhidi ya bakteria, na gazeti linaichukua. Magome yenye tanini nyingi, zile kemikali za ukakasi, na mengi ya magome yetu ni hayo, hugandisha protini yoyote inayokutana nayo. Vipimo vya vimeng'enya vitaonyesha ushindi wa uongo mpaka tanini iondolewe.

Dawa za kisukari nazo: panya huharibiwa kongosho kwa kemikali iitwayo aloksani, kisha wanapewa mchujo wiki mbili. Panya hao hawafanani na mama wa miaka 55 mwenye kisukari cha aina ya pili, baadhi yao hurudi sawa bila kutibiwa, na mchujo mchungu unaowakatisha hamu ya kula utashusha sukari kwa njaa tu. Kama hakuna kundi lililolishwa kiasi kilekile cha chakula bila dawa, matokeo hayo yasiwafikie wananchi.

Sumu ya polepole inatutia hofu kuliko ya haraka. Dozi moja na siku 14 hutambua kile ambacho bibi yeyote kijijini angekitambua: kinachoua papo hapo hakidumu kwenye tiba. Kinachomponyoka bibi na kipimo hicho ni kile kinachokula ini kwa miezi, kama alkaloidi za pirolizidini zilizomo kwenye baadhi ya Crotalaria, Senecio na Heliotropium, mimea inayoota kandokando ya mashamba yetu. Mgonjwa anapofika hospitali macho yakiwa manjano, hakuna anayeikumbuka dawa ya mwaka jana. Dawa inayonywewa wiki tatu ipimwe kwa siku 28, na inayonywewa miezi au maisha, kama za kisukari, presha na tezi dume, ipimwe kwa siku 90, damu ichukuliwe kwa vipimo vya ini na figo, na viungo vikatwe na kuangaliwa kwa hadubini. Inayopewa wajawazito ina vipimo vyake, na isipokuwa navyo chupa iseme hivyo. Tunajua siku 90 ni ghali. Ndiyo maana mimea michache ipimwe vizuri, kuliko mia moja ipimwe nusu.

Halafu kuna dawa ambazo zina nguvu kweli, na nguvu hiyo haitoki kwenye mmea, bali kwenye dawa za hospitali zilizotiwa ndani kisiri. Unga wa nguvu za kiume uliochanganywa na sildenafili. Dawa ya maumivu ya viungo iliyotiwa deksamethasoni au diklofenaki. Dawa ya sukari yenye glibenklamidi. Mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za nitrati akinywa sildenafili bila kujua, presha yake inaweza kuanguka akafa. Aliyetumia deksamethasoni miezi kadhaa akiiacha ghafla, mwili wake unakuwa umesahau kutengeneza homoni ya aina hiyo. Bamba la silika lenye alama za dawa kumi zinazochanganywa mara kwa mara linatosha kuwashika wengi. Mashine kubwa ibaki kuthibitisha. Lakini sampuli zinunuliwe dukani na stendi na mnunuzi asiyejulikana. Anayeleta sampuli mwenyewe ofisini ataleta iliyo safi.

Usafi tusiurefushe. Majani yakaushwe kivulini kwenye kichanja, yasikaushwe chini wala juu ya lami, kwa joto lisilozidi nyuzi 40, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 10 hivi. Yafungwe kwenye karatasi au gunia linalopumua. Unga unaotiwa kwenye uji au chai bila kuchemshwa, kwa miongozo ya WHO, usizidi bakteria 100,000 kwa gramu, ukungu 1,000, E. coli 10, na Salmonela isionekane kabisa. Risasi isizidi miligramu 10 kwa kilo na kadimiamu 0.3. Majani ya kando ya barabara kuu na mizizi ya karibu na machimbo ya dhahabu inakochenjuliwa kwa zebaki isichumwe, basi.

Tumefika kwenye pendekezo kubwa, na tunaomba mlisome bila haraka. Mfuatano wa kawaida wa dawa mpya ni vipimo vya maabara, panya, kisha mtu. Kwa dawa ambayo watu wanainywa tayari kwa maelfu, mfuatano huo unaweza kugeuzwa, na Mali walishaugeuza. Watafiti walianza kwa kuzunguka kaya kuuliza: mtoto alipougua malaria mlimpa nini, na iliishaje? Kati ya mimea yote iliyotajwa, mmoja ulifungamana na kupona kuliko mingine: Argemone mexicana, gugu la maua ya njano lenye miiba ambalo hata hapa kwetu linaota kwenye viwanja vitupu. Wakafuatilia wagonjwa waliokunywa dozi tofauti za majani yaliyochemshwa. Kisha wakafanya jaribio na wagonjwa 301 waliogawanywa kwa kura, wengine wakipewa dawa hiyo ya kuchemsha, wengine artesuneti na amodiakwini. Asilimia 89 ya waliokunywa mmea hawakuhitaji dawa ya pili, dhidi ya asilimia 95 ya wale wa dawa ya hospitali. Kemia ya ndani ilikuja mwishoni, kutafuta kitu cha kupima ubora wa kila toleo. Mmea huohuo una mbegu zenye sumu iitwayo sangwinarini, na mafuta ya mbegu hizo yakichanganyika na ya haradali yameua watu India, ikiwemo Delhi mwaka 1998. Majani ni dawa, mbegu ni sumu, mti mmoja. Asiyeandika sehemu ya mmea kwenye fomu alikumbuke hilo.

Linganisheni na Loliondo mwaka 2011. Watu kwa maelfu, foleni ya magari ya kilomita nyingi, kikombe kimoja shilingi 500, mti uliotambuliwa, matayarisho yasiyobadilika, dozi moja. Hakuna mtafiti duniani angeweza kulipia mkusanyiko wa namna ile. Meza moja barabarani yenye muuguzi, kipimo cha sukari cha kidole, mashine ya presha, daftari na namba za simu za wagonjwa, na simu kupigwa baada ya wiki mbili na baada ya miezi mitatu, ingejibu katika robo mwaka kile ambacho nchi ilibishana kwa mwaka mzima. Wengi mno walikunywa wakaondoka bila kuandikwa popote, na wapo walioacha ARV. Kikombe kingine kitakuja. Hivi vitu havikomi. Tunaomba iwepo timu ya dharura yenye kibali cha maadili kilichoandaliwa mapema, ili siku hiyo ianze na daftari. Protokali za kufanyia majaribio dawa za asili katika dharura WHO na Africa CDC, kituo cha Afrika cha kudhibiti magonjwa, walishazipitisha Septemba 2020 wakati wa Uviko-19, haziandikwi upya.

Kwa siku za kawaida, anzeni na waganga waliosajiliwa wenye wagonjwa wengi wa ugonjwa unaopimika. Malaria: mgonjwa awe amethibitishwa kwa mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, na kwa hadubini, mtu mzima asiye mjamzito, asiye na dalili za hatari, afuatiliwe siku ya 1, 2, 3, 7, 14, 21 na 28, na dalili ya hatari ikitokea apewe dawa mseto au apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kisukari: kipimo cha damu cha HbA1c mwanzoni na baada ya miezi mitatu, kwa sababu inaonyesha wastani wa sukari wa muda huo, ushuhuda wa siku kumi hauna maana. Hakuna anayeambiwa aache dawa ya hospitali. Kibali kitoke kwa kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikwa.

Haya yote hayawezekani mganga akiwa na hofu, na ana haki ya kuwa nayo. Mwanafunzi anachukua mzizi, anaandika tasnifu, anachapisha mapishi yote. Kuanzia siku hiyo hakuna hataza, yaani haki ya uvumbuzi, inayoweza kuombwa kwa jambo lililokwisha kutangazwa, na mganga hata nakala hapati. Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili na kusainiwa kabla ya sampuli kuchumwa: nani ataona jina la mmea, nini kitachapishwa na lini, faida itagawanywaje. Itifaki ya Nagoya ya kugawana faida za rasilimali za kijenetiki inafanya kazi tangu 2014, na mkataba wa Mei 2024 wa WIPO, shirika la dunia la miliki ubunifu, unataka mwombaji wa hataza ataje asili ya maarifa ya jadi aliyoyatumia. Na ripoti, iwe nzuri au mbaya, irudi kwa mganga ndani ya siku 60 ikiwa ukurasa mmoja unaosomeka. Tunasisitiza mbaya pia, kwani dawa iliyoshindwa isipotangazwa, chuo kingine kitaipima upya mwaka kesho.

Mjiulize vilevile itakuwaje tukifaulu. Nigeria walitengeneza Niprisan ya selimundu kutoka kwenye dawa ya asili yenye mimea minne, karafuu ikiwemo, wakaipima kwa wagonjwa, wakaikabidhi kwa kampuni moja ya Marekani. Kampuni ikafilisika na dawa ikapotea sokoni. Prunus africana ulipopata soko la tezi dume Ulaya, miti ilimenywa gome pande zote ikakauka imesimama, mpaka ukaingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 1995. Kwa hiyo kila mti unaotumika gome au mzizi upimwe na majani yake sambamba, na kitalu kianze siku utafiti unapoanza, maana mti hausubiri ripoti.

Tunachoomba kitekelezwe kwanza hakihitaji bajeti mpya. Cheti cha maabara kibadilishwe. Kiwe na jina la kisayansi na namba ya kielelezo, sehemu ya mmea, matayarisho yaliyopimwa kwa gramu na mililita, namba ya toleo, orodha ya vipimo vilivyofanyika, na chini yake orodha ya vile ambavyo havikufanyika. Kama uwezo wa kutibu haujapimwa kwa binadamu, sentensi hiyo iandikwe juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko jina la dawa, na nakala isiyo na sentensi hiyo iwe kosa kuitundika dukani. Kiishe muda wake baada ya miezi 12, na kisihusu toleo lingine lolote. Rasimu ya fomu hiyo, pamoja na fomu ya kupokelea sampuli yenye maswali ya jikoni tuliyoyataja, tunaweza kuiwasilisha kwa Msajili ndani ya mwezi mmoja, ili ianze kutumika kabla ya tarehe 31 Agosti, Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika.

Wenu katika kazi,

Wafamasia, wakemia, wanabotania na mafundi wa maabara za dawa za mimea